UZI: Logo, lugha ya kobe, na sababu iliyoifanya isiingie majumbani

Fundi_Kilobaiti (mwanzisha uzi)

Wakuu, salaam. Juzi humu ndani watu walikuwa wanabishana mtoto aanze na lugha gani ya programu, mmoja akaitupilia mbali Logo akisema ni "mchezo wa kuchora wa miaka ya themanini". Nikasema hili siliachi lipite. Naandika kwa vipande, chai iko pembeni. Mwenye haraka aruke.

Logo ilipozaliwa haikuchora hata mstari mmoja. Ilikuwa 1967, mjini Cambridge, jimbo la Massachusetts, kwenye kampuni ya Bolt, Beranek and Newman. Waliokuwa nyuma yake ni Wally Feurzeig, Seymour Papert, Cynthia Solomon na Daniel Bobrow. Jina alilitoa Feurzeig kwenye Kigiriki, logos, yaani neno. Watoto walikaa mbele ya mashine za kuchapa zilizounganishwa na kompyuta kubwa iliyokuwa mbali, wakawa wanayakata maneno, wanayaunga, wanatunga sentensi za kuchekesha. Damu hiyo ilitoka kwenye Lisp, lugha ya watafiti wa akili bandia, ambayo riziki yake ni kupanga na kupangua orodha.

Papert mwenyewe ni mtu wa bara hili, kazaliwa Pretoria 1928. Kabla ya kufika Marekani alikaa miaka kadhaa Geneva akifanya kazi na Jean Piaget, yule mwanasaikolojia aliyeshikilia kwamba mtoto hamiminiwi elimu kama maji kwenye mtungi, anaijenga mwenyewe. Logo yote imesimama juu ya hilo.

Kobe alikuja baadaye, kuelekea 1970, kazi ilipokuwa imehamia chuo cha MIT. Wa kwanza alikuwa roboti wa kweli, anatambaa sakafuni na kalamu tumboni, waya unamfuata nyuma kama mbuzi aliyefungwa kamba. Ndipo akaingia kwenye skrini akawa pembetatu ndogo. Unaandika:

FORWARD 50
RIGHT 90

Anakwenda hatua 50, anageuka nyuzi 90 kulia. Mara nne, una mraba. Wengi waliikuta Logo hapa wakaishia hapa, ndiyo maana wanaiita mchezo wa kuchora.

Kiini kiko kwenye neno moja la herufi mbili: TO. Ukitaka kuifundisha Logo jambo jipya, unaanza na TO na unamaliza na END. Kwa Kiingereza TO ni ile alama ya kitenzi, kwetu ni KU: kuimba, kucheza, kuchora. Kwa hiyo mtoto hakuwa anaandika programu kwa maana ya kuorodhesha amri. Alikuwa anaunda kitenzi. Akishakiunda, kinakaa sawasawa na FORWARD iliyoletwa na wenye kampuni, hakuna wa kubagua. Tazama:

TO MBELE :N
FORWARD :N
END

TO KULIA :N
RIGHT :N
END

TO MRABA :N
REPEAT 4 [MBELE :N KULIA 90]
END

Kuanzia hapo mashine inaelewa MRABA 50, hiyo 50 ikikaa mahali pa :N. Kama hujaifundisha, Logo za kampuni ya LCSI zilikuwa zinajibu I DON'T KNOW HOW TO MRABA. Linganisha na SYNTAX ERROR ya BASIC, lugha iliyokuja ndani ya kompyuta nyingi za nyumbani. Ya kwanza ni ya mwanafunzi anayesema hajafundishwa hilo, ya pili ni ya karani aliyekurudishia fomu dirishani bila kukuambia umekosea wapi.

Naja na sehemu ya kompyuta za nyumbani.

Bint_wa_Unguja

Swali dogo kabla hujaendelea. Kobe au kasa? Kwetu huku ukimwita kasa kobe utachekwa hadi sokoni. Kasa wa baharini, kobe wa nchi kavu.

Fundi_Kilobaiti

Umeniweza, dada. Neno lao la Kiingereza, turtle, linawabeba wote wawili, lakini asili ya kisa inatupa jibu. Kule Bristol, Uingereza, mwaka 1948 na 1949, Grey Walter, mtaalamu wa ubongo, alitengeneza viroboti viwili akaviita Elmer na Elsie. Vilikuwa na gamba juu na mwendo wa polepole, vinafuata mwanga. Jina alilowapa, tortoise, ni la mnyama wa nchi kavu. Watu wa MIT walirithi jina kwake. Basi ni kobe. Ila kuna kampuni ya huko huko Massachusetts iliyouza Logo na roboti zake ikijiita Terrapin, na huyo ni kobe wa majini. Hapo nawaachia wavuvi.

Mangi_wa_Chipu

Naweka kambi. Mkuu fika haraka kwenye Apple na Commodore, huko ndiko kwenye nyama.

Fundi_Kilobaiti

Sawa, nyama hiyo.

Miaka kama kumi na mitatu ya mwanzo Logo iliishi kwenye mashine za maabara, zile ambazo mtu hainunui akaiweka sebuleni. Mwishoni mwa sabini zikaja kompyuta ndogo, na MIT wakaanza kuibana Logo iingie humo. Texas Instruments walitangulia. Majaribio yalifanyika na watoto wa Lamplighter School kule Dallas, kisha 1981 TI Logo ikauzwa kwa ajili ya TI-99/4 na ndugu yake 99/4A.

TI Logo ilikuwa na uzuri ambao nyingine nyingi hazikuupata. Chipu ya picha ya mashine ile iliweza kubeba vitu 32 vinavyotembea vyenyewe skrini nzima. Mtoto anakipa kila kimoja umbo, rangi na kasi, halafu anaviacha viende. Kumbe kobe wake ndiye aliyekuwa maskini. Alichora kwa kubadilisha sura za herufi, na herufi zina idadi, kwa hiyo ukichora sana mashine inasimama na kukuandikia OUT OF INK. Wino umekwisha! Kwenye skrini! Nampenda aliyetunga ujumbe ule, maana mtoto anaelewa papo hapo.

Shida ilikuwa kwamba TI Logo haikukubali kwenda bila nyongeza ya kumbukumbu ya kilobaiti 32, kwa hiyo unanunua kompyuta, halafu unanunua nyongeza, halafu unanunua lugha. Na baya zaidi, vita ya bei na Commodore iliishusha 99/4A kutoka dola 525 za 1981 hadi chini ya 100, na Oktoba 1983 Texas Instruments wakatangaza kuachana na kompyuta za nyumbani.

Kwa Apple II zilikuja mbili kwa karibu wakati mmoja. Ile ya MIT yenyewe, ambayo Terrapin na Krell waliiuza, na Apple Logo ya 1982 iliyoandikwa na LCSI wa Kanada, kampuni ambayo Papert alikuwa ndani yake. Zote zilitaka kilobaiti 64. Apple II Plus iliishia 48, ikabidi uchomeke kadi ya kilobaiti 16. Mambo yalilegea Apple IIe ilipotoka Januari 1983 na 64 zake mwilini.

Kwa nini ilikuwa na njaa hivyo? Kwa sababu ya ukoo wa Lisp. Kila neno unaloifundisha inalihifadhi, kila orodha inaifunga kwa vipande vidogo vya kumbukumbu vinavyoelekezana. Vipande visivyotumika tena lazima vifagiliwe, na Logo inapofagia inasimamisha kila kitu. Kwenye chipu ya megahezi moja kobe anaganda katikati ya duara. Unadhani mashine imekufa, kumbe inafagia uwanja. Halafu anaendelea kana kwamba hakuna lililotokea.

Karani_wa_Ziwa

Niaje wadau. Mimi niko upande wa BASIC na sioni haya. Ulikuwa unawasha Commodore 64 na BASIC iko pale tayari, READY, hakuna kaseti wala diski. Magazeti yalichapisha programu za BASIC ukurasa baada ya ukurasa, unaketi unazichapa. Hao ndio walizaa mafundi. Logo ilizaa maua ya mviringo.

Fundi_Kilobaiti

Sibishani na nusu ya kwanza, na ndiyo sababu yenyewe. BASIC ya Kemeny na Kurtz ilikuwa na umri wa miaka mitatu tu zaidi, ya 1964 chuo cha Dartmouth, lakini ilibanika. Iliingia kwenye kilobaiti chache za ROM, kumbukumbu isiyofutika ya ndani ya mashine, ikauzwa ndani ya mashine, mnunuzi hakuilipia kivyake. Logo ilikuwa mgeni anayekuja na begi. Commodore walikuwa nayo 1983, kazi ya Terrapin, kwenye diski. Nani asiyekumbuka ile 1541, mashine yao ya kusomea diski, ilivyokuwa inasaga? Atari nao 1983 wakatoa yao kwenye katriji, ya LCSI, yenye kobe wanne na uwezo wa kumwambia kobe afanye jambo fulani akigongana na mwenzake. Spectrum, kompyuta ya Sinclair wa Uingereza, ilipata Sinclair Logo 1984, kwenye kaseti, unaiwasha halafu unakwenda kusalimia jirani. Waingereza wa BBC Micro walikuwa na akili nyingine. Mashine yao ilikuwa na kilobaiti 32 tu, lakini ilikuwa na matundu ya chipu za ROM, kwa hiyo Logo ikakaa kwenye chipu na kumbukumbu ikabaki ya mtoto. Huko ndiko alikotoka pia Valiant, kobe wa sakafuni asiye na waya, anaamriwa kwa mwanga usioonekana kama rimoti ya tivii.

Amstrad waliifanya vizuri kuliko wote kwa upande wa mfuko: ukinunua CPC ya diski, Dr. Logo ya Digital Research ilikuwemo kwenye boksi. Sijui ni wangapi waliifungua.

Nusu ya pili ya hoja yako naikataa. BASIC ya wakati ule, nyingi ya zile za kwenye ROM ukiiacha ya BBC Micro, ilikuwa na namba za mistari na GOTO. Kitu chako ukikijenga kilikuwa ni mstari wa 500. Huwezi kukipa jina ukakitumia kama neno. Wengi wetu tulipokwenda kwenye lugha za kazini ilibidi tuusahau ule mtindo. Wa Logo hawakuwa na cha kusahau.

Nahodha_Maskati

Assalaam aleikum. Mie niko Maskati. Ami yangu alikuwa na Sakhr, zile kompyuta za nyumbani za aina ya MSX za Al Alamiah wa Kuwait zenye herufi za Kiarabu kwenye kibodi. Sisi watoto tulikuwa na magemu tu, ya lugha hatukuyajua. MSX ilikuwa na Logo?

Fundi_Kilobaiti

Waaleikum salaam. Ilikuwepo, ya LCSI vilevile. Na ulichokigusa ni muhimu: watu waliotaka lugha yao hawakusubiri. Wafaransa walikuwa na Logo ya Kifaransa kabisa, AV badala ya FORWARD, TD badala ya RIGHT, REPETE. Na ilifika Afrika. Mwaka 1982 kituo cha Paris kilichoanzishwa na Jean-Jacques Servan-Schreiber, Papert na Nicholas Negroponte wakiwemo, kilipeleka Apple II kwa watoto wa shule pembezoni mwa Dakar, Senegal. Huo ni mwaka uleule Apple Logo ilipotoka, siyo miaka ishirini baadaye. Nchi iliyoubeba mradi wa Logo kitaifa hasa ilikuwa Kosta Rika, kuanzia 1988, kupitia wakfu wa Omar Dengo, kwa LogoWriter ambayo iliunganisha kobe na uandishi.

Mwalimu_wa_Ngeli

Nimesoma uzi wote, sasa niongeze langu. Mimi nafundisha Kiswahili, siyo kompyuta, na Logo niliikuta kwenye kompyuta kuukuu za kituo kimoja mwishoni mwa tisini, MSWLogo kwenye Windows. Ule upande wa maneno alioutaja mwanzisha uzi ndio ulioniteka. Logo ina FIRST, inayotoa herufi ya kwanza ya neno, BUTFIRST, inayotoa zote zilizobaki, na WORD, inayounga vipande viwili. Nikasema: basi wingi ni rahisi.

TO WINGI :NENO
OUTPUT WORD "WA BUTFIRST :NENO
END

PRINT WINGI "MTOTO
WATOTO

Darasa likashangilia. Kijana wa nyuma akaandika PRINT WINGI "MTI, ikatoka WATI. Kicheko. Mwingine akaandika "MWALIMU, ikatoka WAWALIMU, nami nimesimama pale mbele.

Wakuu, miaka yote nimeandika ubaoni kwamba M-WA na M-MI ni ngeli mbili tofauti, na miaka yote wamenakili bila kuuliza. Siku ile waliniuliza: mashine itajuaje kwamba mtu ni wa M-WA na mti ni wa M-MI? Jibu ni kwamba haijui, herufi M haisemi lolote, lazima uwe na orodha. Wakaanza kuandika orodha wenyewe. Halafu wakagombana juu ya MTUME na MKONO. Baadaye wakaja kwenye sentensi, maana ukishachagua KITI kwa bahati nasibu huwezi kuweka ANAANGUKA, lazima KI ifuate. Kipindi kilikwisha, hawakutoka.

Karani_wa_Ziwa

WAWALIMU 😂😂 Hiyo nakubali. Lakini utafiti ulisemaje? Nilisikia Logo ilipimwa ikafeli.

Fundi_Kilobaiti

Mwalimu, hilo ulilofanya ndilo Papert alilokuwa analisimulia katika kitabu chake cha 1980, Mindstorms: msichana aliyeelewa nomino na vitenzi ni vya nini siku alipotaka kompyuta itunge sentensi. Wewe umelifanya kwa ngeli, na kwa maoni yangu lugha yetu inaibana Logo vizuri zaidi kuliko Kiingereza.

Karani, ndiyo. 1984, Roy Pea na Midian Kurland wa Bank Street College, New York, waliwapima watoto waliokaa na Logo kama wamekuwa hodari zaidi wa kupanga mambo nje ya kompyuta. Hawakuona tofauti na wenzao. Habari hiyo iliiumiza sana, kwa sababu wauzaji walikuwa wameitangaza kama dawa ya akili. Papert akajibu kwamba kosa ni kuipima Logo kama kidonge, wakati kinachofundisha ni mazingira yote yanayoizunguka, mwalimu akiwemo. Mimi nadhani wote walikuwa sahihi. Watafiti walipima kilichoahidiwa, na ahadi ilikuwa ya kupita kiasi. Mtoto aliyeachwa na kobe peke yake atachora maua ya mviringo, kama ulivyosema.

Nikupe mfano mmoja wa kile ambacho kobe anakifundisha kweli. Mwambie mtoto achore pembetatu ya pande sawa. Shuleni kaambiwa kila pembe ni nyuzi 60, ataandika REPEAT 3 [MBELE 50 KULIA 60]. Haifungi. Inatoka nusu ya umbo la pande sita. Asimame, atembee yeye mwenyewe ile pembetatu sakafuni, ndipo ataona kwamba anapofika kwenye kona hageuki 60, anageuka 120, kwa sababu anayegeuka ni yeye siyo kona. Na akirudi alipoanza atakuwa amegeuka 360 kamili, kwa umbo lolote lililofunga bila mistari yake kukatana, hata duara la REPEAT 360 [MBELE 1 KULIA 1]. Mimi nilimaliza sekondari bila kulijua hilo kwa miguu.

Mangi_wa_Chipu

Sasa ilikwenda wapi? Au ndiyo ilikufa?

Fundi_Kilobaiti

Ilitawanyika. Katikati ya themanini Mitchel Resnick na Steve Ocko wa MIT waliiunganisha na matofali ya LEGO, mtoto anajenga gari na kuliamuru kwa Logo. 1998 LEGO wakatoa roboti zao wakaziita Mindstorms, jina la kitabu cha Papert. Resnick huyohuyo na wenzake 2007 wakaitoa Scratch, lugha ya programu ya watoto, na hiyo ina Kiswahili kwenye orodha yake ya lugha, mtoto anaburuta vipande vilivyoandikwa kwa lugha yake bila kuandika TO MBELE kwanza. Brian Harvey wa Berkeley aliandika Logo ya bure ambayo MSWLogo ya mwalimu ilitoka humo. NetLogo inatumika na watafiti kuiga makundi ya wadudu, magonjwa, misongamano, kobe maelfu kwa mpigo. Papert alifariki Julai 2016.

Na Python, lugha ya programu inayotumika sana siku hizi, inakuja na kobe ndani. Mwenye kompyuta yoyote anaweza kumjaribu leo.

Bint_wa_Unguja

Nimemjaribu usiku huu na mwanangu kwa Python. Tumechora mraba, tukapanda mbele 50 kwa ajili ya ukuta, tukageuka kulia 30, halafu pembetatu kwa 120 kama ulivyosema. Nyumba imefunga vizuri, lakini imelala ubavu! Paa linaangalia kulia. Mwanangu anasema imeangushwa na kusi.

Fundi_Kilobaiti

Hesabu yenu ni sahihi. Kobe wa Logo anaanza akiangalia juu, wa Python anaanza akiangalia kulia. Juu kabisa, baada ya kumwita kobe, andika turtle.mode("logo").

Bint_wa_Unguja

Imesimama. Anataka mlango sasa.